Mabati ya Adero

Manjano yalikuwa yamekwisha tena, na Adero hakuwa amepika mchuzi wiki nzima. Alikitikisa kikopo, akakigeuza, akakipiga kwa kiganja, kikatoa vumbi kidogo lenye rangi. Hakuwa na haja ya kumuuliza mtu wa nyumbani. Alitoka na kikopo chake mkononi mpaka uani, ambako miguu miwili yenye viatu vya ofisini ilikuwa imechomoza chini ya gari.

"Baba Ochieng."

"Mm."

"Manjano yangu iko wapi?"

Miguu ilitulia kidogo. "Iko kwa radieta," sauti ikajibu kutoka chini. "Ilikuwa inavuja. Ukiweka manjano kwa maji, ile unga inaenda inaziba. Hata Wahindi wanajua hiyo."

"Wahindi wanaweka kwa chakula."

"Mama Ochieng, wewe kazi yako ni omena. Gari niachie mimi."

Gari lenyewe lilikuwa Ford Mustang ya mwaka wa sitini na saba, silinda nane, usukani upande wa kushoto, na farasi wa chuma puani ambaye mguu mmoja ulikuwa umekatika. Mzungu mmoja wa kiwanda cha sukari aliliacha aliporudi kwao, likapigwa mnada, na Gordon Onditi, karani wa ghala la pamba, akanyoosha mkono wakati watu wenye akili walikuwa wanacheka. Huo sasa ulikuwa mwaka wa themanini na nane. Tangu mnada ule, Manyatta nzima, mtaa wao wa Kisumu, ilikuwa imeliona gari hilo likioshwa, likipakwa rangi, likifunguliwa na kufungwa, na mara chache sana ikaliona likienda mahali.

Hakuna fundi aliyeruhusiwa kuligusa. Gordon alisema mafundi wa Kisumu ni wa Datsun. Nati za Mustang zilikuwa za inchi, na spana za mafundi wengi zilikuwa za milimita, basi hilo likawa jambo lake la kujivunia, kana kwamba inchi alizibuni yeye. Alikuwa na seti moja ya spana za inchi aliyoipata kwa mtu wa matrekta, akaifungia katika sanduku la bati, na ufunguo akautundika shingoni pamoja na msalaba.

Spea hakuna. Spea za gari lile zilikuwa Marekani, na Marekani hakukuwa na jamaa. Kwa hiyo Gordon alitengeneza kwa alichokikuta. Kichungi cha chai kilikwenda kwenye kabureta. Kipande cha sabuni kiliziba tangi la petroli. Sponji ya godoro la wageni ilijaza viti vya mbele, na kamba ya kuanikia nguo ikafunga mafla ya bomba la moshi. Mkanda wa feni ulikuwa mkanda wa kinu cha posho, mpana kupita kiasi, aliokuwa ameupunguza ubavuni kwa kisu cha jikoni. Nyumba ya Adero ilikuwa inahamia ndani ya Mustang kidogo kidogo, na mume wake aliita jambo hilo ufundi.

Angeweza kumgombeza siku ile, lakini ilikuwa Ijumaa, na kesho yake ilikuwa Jumamosi aliyoingoja miaka yote ya ndoa. Aliweka kikopo kwenye kiuno cha leso, akarudi kufunga mizigo.

Kesho ndiyo siku ya kutoka. Mwanamume wa kwao, Wajaluo, akishaoa na kupata watoto, hutoka katika boma la baba yake akaanzisha dala, boma lake mwenyewe. Baba ndiye humwonyesha mahali. Wanakwenda alfajiri, baba mbele, mwana wa kwanza na shoka, jogoo, na mke na moto wa jikoni, na nyumba ya mke husimamishwa siku hiyohiyo, ikaezekwa, wakalala humo. Isipoezekwa, dala hakuna. Gordon alikuwa ameahirisha jambo hilo mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya gasketi, kwa sababu ya kabureta, kwa sababu ya kitu kilichoitwa bendi. Na yeye ndiye mkubwa. Mdogo wake Absalom hakuweza kutoka kabla yake, na fito za Absalom zilikuwa zimeliwa na mchwa mara mbili akimngoja kaka yake amalize kurekebisha gari.

Safari hii Mzee Onditi, baba yao, mwenyewe ndiye aliyetaja siku. Kifua chake kilikuwa kibaya. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na maneno ya upole, na kila mtu alijua maana yake. Angekufa kabla ya kuonyesha mahali, shauri lingekwenda kwa ndugu zake, na ndugu zake walikuwa hawajakubaliana jambo lolote tangu uhuru.

Kwa Adero jambo lilikuwa jepesi kueleza na zito kubeba. Kila akienda nyumbani kwa mumewe alilala katika kibanda cha ujana cha Gordon, uani kwa baba mkwe. Matanga yakitokea, wake wenziwe wa ukoo walikaa kila mmoja mlangoni pake, na wageni wao wakajua pa kwenda. Yeye alikaa barazani kwa watu. Akifa leo, maiti yake ingelazwa mlangoni pa nani? Alitaka mlango.

Na mabati alinunua yeye. Omena, dagaa alizouza soko la Kibuye, zilimpa bati moja, zikampa mawili, mwezi mwingine hazikumpa kitu. Aliyasimamisha nyuma ya nyumba chini ya turubai, akayafunga kwa waya mafungu mawili, na kila bati alilipiga doa la rangi ya kijani kwenye pembe, maana ploti ina watu wengi na mabati hayana mdomo.

Jioni hiyo Absalom alifika na pikapu ya tajiri wake wa samaki. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kuomba radhi hata alipokanyagwa.

"Kaka, pakieni kila kitu. Mabati, mlango, na nyinyi pia. Tulale nyumbani leo, alfajiri tuko pale pale. Pikapu narudisha usiku, kesho tajiri anaitaka."

Gordon alichomoza, akajifuta mikono kwa fulana ya mtoto. "Mimi? Niingie kwa dala yangu nikinuka samaki?"

"Basi kuja tu mbele, kaa na mimi."

"Absalom. Mtu mkubwa anatoka mara moja kwa maisha yake. Nitafika na Mustang, watu waone. Wewe beba mabati."

Adero alisema, "Baba Ochieng, hiyo gari haijatoka hapa tangu Pasaka."

"Ndiyo maana natengeneza!"

Absalom alitazama chini. Kisha akaenda kwenye turubai, na hapo lilitokea jambo ambalo Adero alilikumbuka baadaye: Gordon, ambaye hakuwa amewahi kuinua kitu chochote kisichokuwa cha gari, aliruka mbele ya mdogo wake akasema fungu la nyuma atalibeba yeye mwenyewe. Alilibeba hadi kwenye pikapu, akaliweka chini ya lile jingine. Adero aliguswa. Maskini, aliona ni heshima.

*

Mustang liliwaka saa kumi na moja alfajiri, kwa kishindo kilichoamsha ploti zote, na hilo Gordon alilipenda kuliko kufika. Aliacha injini ingurume kwa muda bila sababu. Alivaa suti. Ochieng, mwana wao wa kwanza, alikaa nyuma na shoka magotini, na jogoo akafungwa miguu chini ya kiti.

Adero alipokanyaga ndani alishangaa. Zamani sakafu ya upande wake ilikuwa na tundu ambalo aliona lami ikipita chini ya viatu vyake. Sasa palikuwa pagumu, pamefunikwa kwa mpira mweusi.

"Umeweka nini hapa?"

"Pleti ya chuma," Gordon alisema. "Ulidhani nalala huko chini? Sakafu yote mpya, mpaka buti. Kazi ya mkono wangu."

"Imeshika vizuri," alisema Adero, na alikuwa anasema kweli. Moyoni alimsifu hata. Baadaye sifa hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko mengine yote.

Kutoka Kisumu mjini mpaka Kisian, karibu na kwa Mzee, hakuna safari ya kuhadithia. Mwanamke mwenye ndoo ya samaki kichwani huimaliza akizungumza. Mustang lilifika Otonglo kwa fahari, likapita Otonglo kwa mashaka, likisimama kila mara lipoe, na lilipokaribia Kisian mkanda wa kinu cha posho ukakatika. Ulipiga boneti kwa ndani mara moja, kofi la nguvu, kisha mvuke ukatoka pande zote za pua ya yule farasi. Harufu ikaenea barabarani. Ilikuwa harufu ya mchuzi.

Wakati huo Wasabato walikuwa wanaanza kwenda kanisani, kwa maana ilikuwa Jumamosi. Waliwapita kwa mavazi yao safi. Mmoja wao alikuwa Bwana Simiyu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kisian, amebeba Biblia kwapani.

"Happy Sabbath," alisema. Akavuta pumzi. "Mnapika?"

"Ni joto kidogo tu," Gordon alijibu kutoka ndani ya mvuke. "Gari kubwa iko hivyo."

"Ah. Inanukia pilau." Akaenda zake, na mkewe akacheka akijiziba mdomo.

Gordon alifungua boneti, akachungulia kwa uso wa daktari. Alifungua sanduku, akachagua spana moja, akairudisha, akalifunga tena. Jua lilikuwa linapanda. Mwishowe akageuka.

"Mama Ochieng, nipe hiyo kitambaa ya kichwa."

"Ya nini?"

"Nitasokota, nifunge kama mkanda. Itatufikisha."

Adero alimtazama mtu huyo aliyevaa suti. Kitambaa kilikuwa kipya, alikinunua kwa siku hii, na alikuwa anakwenda kuingia nyumbani kwake mbele ya ukoo mzima.

"Hapana."

"Ni dakika kumi tu!"

"Kichungi ulichukua. Godoro ulichukua. Manjano ulichukua. Kichwa yangu wacha." Akafungua mlango. "Ochieng, leta jogoo. Tunatembea."

"Na mimi?"

"Wewe kaa na farasi wako."

Alitembea na mwanawe kwenye njia ya vumbi iteremkayo ziwani, jogoo kwapani, shoka begani kwa Ochieng. Hasira ilimtembeza upesi. Alimdharau mume wake hatua kwa hatua, kwa utulivu, kama mtu anayechambua mchele, na mawe aliyoyakuta yalikuwa mengi.

*

Mzee Onditi alikuwa amekaa kwenye kigoda langoni tangu giza, blanketi mabegani, fimbo mkononi. Kila pumzi yake ilisikika. Watu wa ujenzi walikuwa wameshafika, na Milka, mke wa Absalom, alikuwa ameshapika uji wao na kuosha vyombo.

"Nyar Seme," Mzee alimwita Adero kwa jina la kwao, binti wa Seme. "Bwana yako?"

"Yuko barabarani, Baba. Gari imekataa."

Hakuna aliyeshangaa. Mzee alifumba macho. "Absalom," alisema, "chukua maksai."

Na hivyo ndivyo Gordon Onditi alivyoingia nyumbani mbele ya watu, kama alivyotaka. Maksai wawili wa jembe, mmoja mwenye pembe moja, walivuta Mustang kwa mnyororo mpaka langoni kwa Mzee, kwa kuwa hakukubali liachwe barabarani liibiwe. Absalom alitembea mbele akipiga mluzi. Watoto walikimbia pembeni. Gordon alikuwa ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili, akipindua kushoto na kulia kana kwamba maksai walimngoja yeye awaonyeshe njia.

"Honi inafanya?" mtu aliuliza.

"Inafanya," alijibu Gordon, akaipiga. Ilikuwa haifanyi.

Mzee hakucheka. "Jua imetoka," alisema. "Si vizuri. Lakini twende, mimi sina asubuhi nyingi."

Walikwenda kama inavyotakiwa. Mzee mbele akisimama kila baada ya hatua chache kutafuta hewa, Gordon nyuma yake, Ochieng na shoka na jogoo, Adero na kigae cha makaa, na mwisho Absalom na maksai waliovuta gari. Mzee alichoma fimbo ardhini na kusema hapa. Adero alitazama kile kitundu kidogo kwenye udongo, na machozi yakamjia bila kuitwa. Mlango ungekuwa pale, ungetazama ziwa.

Kazi ilianza kwa kelele na ikaenda vizuri. Nguzo zilisimama, fito zikafungwa, wanawake wakaleta maji na kukanyaga udongo. Gordon alisimama karibu na gari lake akiwaeleza vijana tofauti ya silinda nne na silinda nane. Alasiri mawingu yalianza kukusanyika upande wa ziwa, na Absalom akapanda juu kuezeka.

Alipigilia upande mmoja wote. Akapigilia wa pili kutoka ncha zote mbili kuja katikati. Akanyoosha mkono chini apewe bati jingine, na mkono ukabaki umening'inia hewani.

"Leta."

"Imeisha," kijana wa chini alisema.

"Imeisha nini? Angalia huko."

Waliangalia huko. Walifunua turubai, wakakunja turubai. Juu ya paa palibaki pengo la mabati matatu, katikati, mahali ambapo kitanda kingekaa.

Absalom alishuka. "Shemeji, ulinunua mangapi?"

"Ishirini," Adero alisema. "Nilihesabu mimi mwenyewe nikifunga."

"Nimepigilia kumi na saba."

 Watu waliokuwa wamekanyaga udongo tangu asubuhi walisimama na miguu yao mizito, wakimtazama Adero. Na Gordon, mume wake, baba wa mwanawe, alisafisha koo.

"Mabati si ni yake?" alisema. "Ndiye alinunua, ndiye alihesabu. Mimi ningejua aje? Muulizeni zingine zilienda wapi. Hata huko Seme watu wanajenga."

 Milka aligeuza macho pembeni, na kugeuza huko kulikuwa kubaya kuliko kama angemtazama Adero. Mwanamke aliyeiba mabati ya nyumba yake kupelekea kaka zake. Hadithi kama hiyo haihitaji mashahidi, hutembea yenyewe kutoka kisima hadi kisima, na ingemfuata hadi wajukuu.

"Nyar Seme," Mzee alisema polepole. "Ni kweli?"

"Sijui, Baba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sijui ziko wapi."

"Kisian kuna duka."

"Ni ya Simiyu," Absalom alisema. "Sabato. Hafungui mpaka jua izame."

"Mjini?"

"Pikapu nilirudisha usiku. Mtu akienda kwa mguu, atarudi giza, na Jumamosi saa hii maduka ya huko yamefunga."

Mzee alikohoa, akakohoa tena, akainama juu ya fimbo mpaka ilionekana hatainuka. "Nyumba isipofunikwa leo," alisema alipopata sauti, "hakuna dala. Na mimi kesho sijui."

Adero aliondoka katikati yao. Alikwenda garini kuchukua kikapu chake cha unga, kilichobaki chini ya kiti tangu asubuhi. Mnyororo wa maksai ulikuwa umelitikisa gari vibaya, na ule mpira mweusi wa sakafuni ulikuwa umejikunja upande mmoja. Alitaka tu kuunyoosha. Chini yake aliona migongo na mabonde, migongo na mabonde, iliyopigwa nyundo bila kunyooka, na rangi nyekundu ya gari iliyopakwa haraka haraka. Pembeni, mahali brashi haikufika, palikuwa na doa la kijani.

Aliuvuta mpira wote, akauburuta nje. Hakupiga kelele.

"Baba," alisema. "Njoo uone mabati yangu."

Mzee alikuja kwa fimbo, na ukoo ukaja nyuma yake. Walichungulia mmoja mmoja mlangoni kama watu wanaoaga maiti. Bati moja lilikuwa sakafu ya mbele. La pili lilikuwa sakafu ya nyuma. La tatu lilikatwakatwa kuzunguka buti.

"Gordon," Mzee alisema. "Hii ni nini?"

"Mzee, ilikuwa imeoza chini kabisa. Ilikuwa emergency. Ningerudisha end month."

"Uliniambia ni pleti," Adero alisema.

"Ni pleti! Bati na pleti ni kitu moja, ni unene tu."

"Na umesimama hapo ukasema nimepeleka Seme."

Gordon aliinama akaanza kuukunja ule mpira mweusi. Milka ndiye aliyesema, akipiga makofi mara moja ya kukata tamaa. "Yawa! Mimi na watoto yangu tumengojea sakafu ya gari!" Absalom mpole, ambaye hakuwa amewahi kumwinulia kaka yake sauti, alikwenda akasimama mbele yake karibu sana. Hakumpiga. Alimtemea mate miguuni, kwenye kiatu cha ofisini, akarudi mahali pake.

Vijana walijaribu kung'oa sakafu. Ilitoka vipande vipande, imejaa matundu ya riveti. Haingefunika hata banda la kuku. Wingu lilikuwa sasa juu ya ziwa lote, na upepo uligeuka.

Adero alilitazama Mustang kuanzia pua hadi mkia. Alilitazama kama anavyotazama samaki sokoni, akipima.

"Baba," alisema, "hiyo kifuniko ya mbele ni bati. Na ile ya nyuma. Ni bati nzito kuliko yangu."

"Hapana!" Gordon aliruka. "Mzee, hiyo boneti ni orijino! Hakuna ingine Kenya nzima!"

"Nyar Seme amesema," Mzee alijibu. "Fungueni."

Gordon alikaa juu ya sanduku lake la spana, suti na yote, akakumbatia magoti. Absalom alileta spana yake ya milimita akajaribu nati ya kwanza, spana ikateleza, akajaribu tena, ikateleza tena.

"Haiingii," Gordon alisema kutoka juu ya sanduku, na hata katika hali hiyo alishindwa kuficha majivuno. "Niliwaambia. Ni inchi."

"Basi funga mdomo ufungue wewe," Mzee alisema. "Si ndiwe fundi? Miaka yote unatuambia ni wewe fundi. Simama."

Alisimama. Hakuna mwanamume anayebishana na baba yake mahali baba amechoma fimbo. Alitoa ufunguo shingoni, akafungua sanduku, akachagua spana, nayo ikaingia sawasawa. Na hapo watu waliona kitu cha ajabu: Gordon Onditi alitengeneza jambo likatengenezeka. Alifungua nati zote za boneti bila kuharibu hata moja. Alifungua za buti. Alifanya kazi safi, ya haraka, na alikuwa analia, kamasi zikimtiririka hadi mdomoni, na hakuna mtu aliyempa kitambaa.

Wanaume wanne waliipandisha boneti juu. Absalom aliilaza juu ya pengo, akapiga misumari kupitia matundu ya nati, akaifunga kwa waya. Ilifunika nafasi ya mabati mawili kasoro kidogo. Mfuniko wa buti ulimaliza iliyobaki, na vipande vya sakafu vikaziba mianya. Nyumba ya Adero ikasimama pale, paa lake jeupe, na katikati kiraka kikubwa chekundu kinachong'aa. Mtoto fulani alianza kucheka, mama yake akamziba mdomo, kisha mama mwenyewe akacheka.

Adero aliingiza moto. Tone la kwanza lilianguka akiwa anapuliza makaa.

*

Watu walitawanyika kwa kukimbia. Mzee alikataa kubebwa mpaka asimame mlangoni pa mkwe wake na kutazama ndani. Aliitazama boneti kwa chini, rangi nyekundu na alama za masizi ya injini.

"Kitu mtu amelala chini yake siku ya kwanza," alisema, "haitolewi tena. Mpaka mwenye nyumba afe. Ni mwiko."

Hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kuusikia mwiko huo. Absalom alimtazama baba yake, na baba akamtazama Absalom bila kupepesa. 

"Na wewe," Mzee akamwambia Absalom, "tafuta siku. Upesi." Milka aliuinamisha uso wake haraka, lakini Adero aliona anatabasamu. Wakamchukua mzee chini ya turubai lile lile la mabati, wakateremka naye mvuani.

Gordon alikuwa bado nje. Alikuwa amevua koti la suti akalitandaza juu ya injini iliyo wazi, na akasimama juu yake na mikono imenyooshwa, kana kwamba mtu mmoja mwembamba anaweza kuzuia mvua ya ziwa. Maji yalijaa mahali kichungi cha chai kilipokuwa. Yalitiririka kwenye silinda zote nane.

Adero alimtazama kutoka mlangoni pake. Alingoja kuona kama moyo wake utamhurumia, akangoja tena kidogo, haukumhurumia.

"Ingia," alisema. "Mila inataka ulale ndani."

Aliingia akichuruzika maji, akakaa chini ya ukuta mbichi. Mvua ilipiga mabati kwa fujo, na matone yakaanza kupenya kwenye misumari ya Absalom, moja pembeni mwa mlango, jingine juu ya kikapu cha unga. Adero alisogeza kikapu. Kisha akatandika mkeka katikati ya nyumba, chini ya boneti, ambapo palikuwa pakavu kabisa.

"Hapo haivuji," Gordon alisema. Hakuweza kujizuia. "Ni chuma orijino."

"Ndiyo," Adero alisema, akijifunika. "Miaka hiyo yote, leo ndiyo imefanya kazi."

Akamgeuzia mgongo, akalala usingizi mzito nyumbani kwake.